Mabingwa wa Atlanta

Haya niliyasikia kwa Kavutha, msusi wa Kenyatta Market, Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka huu, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake na mkono wake ukinivuta nywele hadi machozi yananilenga. Yeye aliyapata kwa Wesonga mwenyewe. Kibanda cha Kavutha na jiko la Wesonga vinatenganishwa na ubao mmoja tu, na Wesonga alikuwa na jambo ambalo hakuweza kwenda nalo nyumbani kwa mkewe.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani na njaa zao, na Wesonga alikuwa ameinama juu ya makaa akigeuza mbavu za mbuzi kwa vidole vitupu. Koleo alikuwa nalo, limening'inia msumarini, lakini hakulipenda. Alisema chuma hakijui nyama imefika wapi. Kidole ndicho kinachojua: ukibonyeza nyama ikakusukuma, bado, ukibonyeza ikatulia, imekubali.

"Leo tunamaliza hii maneno, Baba Maxi," alisema Kihara, ambaye alikuwa ameegemea meza ya kukatia. "Timu kubwa kuliko zote, za enzi zote. Tunakutana kwangu Kilimani, wote ni watu tuliokaa majuu. Kila mtu analeta timu yake na kuitetea. Wewe unatuletea nyama."

Kihara alikuwa mteja wake wa miaka. Kwao ni Kabete, mashamba ya babu yake sasa yamekuwa nyumba za kupangisha, na yeye alikuwa amekaa Marekani hadi nywele zikaanza kuingia chumvi, kisha akarudi na kitambi na mapenzi ya mchezo ule wa watu waliovaa kofia ngumu, wanaokimbia na mpira ulio kama yai. Katika soko zima, mtu wa pekee aliyeweza kuzungumza naye kuhusu mchezo huo alikuwa ni Wesonga, mchoma nyama kutoka Butula.

"Na wewe unatetea akina nani?" Wesonga aliuliza bila kuinua macho.

"Pittsburgh. Ile ya miaka ya sabini. Vikombe vinne kwa misimu sita, mzee! Walikuwa wakiitwa Pazia la Chuma. Hakuna mtu alikuwa anapita hapo."

"Hao ni kuku wa kienyeji. Wagumu, watamu. Lakini uwalete leo wakimbizane na hawa vijana wa siku hizi, wataachwa wakihema."

"New England je?"

"Kuku wa gredi. Wanakua haraka, wanajaza sahani. Lakini ladha?" Wesonga akatikisa kichwa. "Miami ile iliyomaliza mwaka bila kushindwa hata mara moja, naiheshimu. San Francisco naiheshimu. Lakini ukiniuliza mimi timu, mimi nitakuambia Atlanta."

Kihara akaangua kicheko. "Atlanta! Mzee, wewe ni mtu wa mchezo sana."

"Cheka tu. Nakuja huko na ushahidi."

"Wesonga!" Sauti ya Kavutha ikapenya ubaoni. "Hao watu unaowapigania kila Jumapili, kuna hata mmoja anajua jina lako?"

"Yuko mmoja," Wesonga akajibu. "Yuko huko huko kwao."

Alimaanisha Maxwell, mwanawe wa kwanza, aliyeondoka kwenda kusoma Georgia akiwa hajaota ndevu sawasawa. Ukoo mzima ulikuwa umesimama uwanja wa ndege siku hiyo, wamevaa kama wanaoenda harusini, na shangazi zake wakaimba hadi askari akaja kuwaomba wapunguze.

Mwanzoni simu zake zilikuwa kavu. Mko aje. Tuko salama. Masomo? Yanaendelea. Haya, msalimie mama. Wesonga hakuwa amewahi kuongea na mwanawe zaidi ya kumtuma na kumkanya, kama baba yake mwenyewe alivyomfanyia, na sasa mtoto yuko ng'ambo ya bahari na hakuna pa kumtuma. Alikuwa akishika simu kama mtu aliyeshikizwa mtoto mchanga wa wenyewe. Mpaka Jumapili moja Maxwell akataja kwamba mji mzima umeingiwa na wazimu kwa ajili ya mpira. Wesonga akauliza, "Mpira gani huo wa kushikwa kwa mikono?" Maxwell akacheka. Akaanza kumweleza. Walipokata simu, makaa yalikuwa yamekwisha kuwa majivu na wateja wamehamia jiko la jirani, na Wesonga hakujali.

Tangu hapo wakawa na la kusema. Isaiah, muuza mitumba wa soko la Toi, akawa akimwekea kando kila nguo yenye jina la timu, naye Wesonga alizishika juu ya mwanga, akasoma herufi moja moja, kisha Jumapili anamuuliza mwanawe: hawa ni akina nani? Walicheza lini? Wakikutana na wale wa zamani, nani atatoka mzima? Miezi ambayo mechi hazikuwapo ndiyo waliyobishana zaidi. Maxwell alikuwa akimwambia, "Baba, timu za enzi mbili huwezi kuzipima. Hazitakutana kamwe." Na Wesonga: "Zinakutana hapa tunapoongea. Endelea."

Halafu siku moja Isaiah akamtolea fulana nyeusi yenye kichwa cha ndege mwekundu, na chini yake maandishi makubwa: Atlanta, mabingwa wa dunia. Wesonga alilipa bila kupatana bei. Alimpigia Maxwell kabla ya Jumapili kufika, jambo asilolifanya kamwe. "Kumbe mji wako ni mabingwa, na wewe umeninyamazia!" Maxwell akasema taratibu, "Ndiyo, baba. Walishinda." Wesonga akatembea soko zima siku hiyo akiwa ameivaa. Tangu siku hiyo, katika mizani yake, hapakuwa na timu ya kuifikia Atlanta, si ya jana wala ya juzi.

Mwaka huu wa karibuni Maxwell alikuwa ameacha kupiga simu za kuonana uso. Alisema kamera ya simu yake ilivunjika. Lakini sauti ilikuwepo, kila Jumapili alasiri, kwa njia ya mtandao, namba ile ile ya Marekani, na Wesonga alikuwa mtu wa kuridhika na kilichopo.

Basi mbavu zilipokubali akazifunga kwa karatasi ya foili, akachukua ubao wake na kisu chake, akavaa koti lake jeupe la kazi juu ya fulana ya Atlanta, akavuka Ngong Road kwa miguu kwenda Kilimani.

Nyumbani kwa Kihara, huko juu ghorofani, kelele zilisikika tangu kwenye lifti. Mmoja alikuwa akiitetea Chicago ya miaka ya themanini, akipiga meza kwa kiganja. Mwingine alisema Chicago ilikuwa na mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja si enzi. Wesonga aliweka ubao mezani, akafungua karatasi, mvuke ukapanda na ubishi ukatulia wenyewe.

"Mzee ameleta nyama, na amesema ana timu," Kihara akatangaza. "Mpeni nafasi."

Wesonga alifungua vifungo vya koti polepole, akalivua, akalitundika kwenye kiti, akasimama.

Nyumba ililipuka.

"Wooi!" dada mmoja aliyeitwa Shiko alipiga kelele, tayari amenyanyua simu. "Mzee ako na ile ya Atlanta! Ya ukweli! Mzee, simama hapo, usisonge!" Kijana wa Chicago alipiga magoti mbele yake akiinua mikono, "Bingwa! Bingwa wa dunia!" Wesonga akacheka nao. Aliinua kisu juu kama mkuki, wakacheka zaidi, wengine wakijifuta machozi, na yeye akawa akizungusha macho kutoka uso hadi uso, akifurahi kwamba hatimaye amefika mahali penye watu wanaojua. Alianza kuwaambia. Kwamba kijana wake anaishi huko huko. Kwamba alikuwako mwaka ule waliposhinda. Kwamba mji uliimba.

Kicheko kikaanza kupungua, hapa kimoja, pale kimoja. Shiko akashusha simu.

Kihara alimshika Wesonga kiwiko. "Mzee wangu. Kuja hapa nje kidogo."

Kwenye roshani palikuwa na upepo wenye harufu ya mvua, na upande wa Ngong mawingu yalikuwa yamekuwa ya bluu kama nyama iliyolala. Kihara alikuna shingo.

"Hiyo tisheti ulinunua wapi?"

"Toi."

"Mzee, nilifikiri unafanya mzaha. Walah nilifikiri unatuchezea." Akavuta pumzi. "Atlanta hawakushinda. Walikuwa mbele, ishirini na nane kwa tatu. Hakuna timu ilikuwa imewahi kuongoza fainali hivyo halafu ipoteze. Wao walipoteza. New England waliwafikia, wakawapita."

"Na mbona hii imeandikwa mabingwa?"

"Kabla ya fainali wanachapa nguo za timu zote mbili, ndio mshindi avae hapo hapo uwanjani. Za mshindi zinauzwa. Za aliyeshindwa hawataki zionekane huko kwao. Wanazifunga, wanazituma mbali."

"Mbali wapi?"

Kihara aliangalia mapaa ya Kilimani, kreni za majengo, kunguru waliokuwa wakirudi mitini kabla ya mvua. "Si ndiyo huku kwetu," alisema.

Wesonga aliipapasa fulana kifuani kwa kiganja, mara moja, kama anayetoa vumbi.

"Lakini kijana wako ako huko," Kihara akasema kwa upole. "Yeye hakukuambia?"

"Labda hakutaka kuniaibisha."

"Ndiyo. Itakuwa hivyo."

Akarudi ndani, akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Kisha akakata nyama, kwa kuwa nyama ilikuwa bado haijakatwa na hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Hakuna aliyezungumza juu ya timu yoyote. Kwenye ubavu wa mwisho kisu kilimteleza, mfupa ukapasuka vipande vidogo, naye akaomba radhi, akaviokota kimoja kimoja watu wasije wakaumia meno.

Mvua ilimkuta kabla hajaifikia Ngong Road. Ilianza kwa matone mazito, kisha ikawa ya mawe, mawe meupe yanayoruka juu ya lami kama mahindi kikaangoni. Alikimbilia baraza ya duka la simiti lililofungwa, akajibanza kwenye mlango chini ya mabati, kifurushi cha ubao na kisu kifuani. Alikuwa peke yake pale. Kelele ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba alihisi simu kutetemeka mfukoni kabla hajaisikia.

Maxwell. Namba ya Marekani.

"Baba! Habari ya Jumapili?"

"Nzuri, Maxi. Ni mvua tu."

Hapo radi ikapasuka. Ilipasuka juu kabisa ya barabara, bila kutanguliza ngurumo, mpaka Wesonga akainamisha kichwa. Na kwa wakati huo huo ikapasuka ndani ya simu. Alidhani ni simu yake imeirudisha sauti. Lakini nyuma ya radi ile, mle ndani ya simu, kulikuwa na mabati mengine yakipigwa na mawe, mabati ya mahali pengine, na mwanamke akiita kwa sauti ya kucheka na kulia, "Anueni nguo! Nyinyi watoto, anueni nguo!"

Kisha sauti zile zikafunikwa ghafla, kama mtu aliyeziba simu kwa kiganja.

Wesonga aliutazama mtaro uliojaa maji mekundu. Kipande cha karatasi kilikuwa kikielea humo, kikafika kwenye daraja, kikamezwa.

"Huko kwenu kukoje?" aliuliza.

"Huku ni jua, baba." Sauti ilikuwa imesogea, imeingia mahali penye kuta. "Asubuhi safi kabisa. Ndiyo naamka."

"Jua."

"Eeh. Anga jeupe."

Mawe yaliendelea kunyesha katika masikio yote mawili ya Wesonga. Maneno yalimjia hadi kwenye meno: Uko wapi, mwanangu? Uko mtaa gani? Umelala kwa nani mwaka mzima huu? Aliyahisi kama kaa la moto mdomoni, na akajua kwamba akilitema tu, simu ile haitalia tena Jumapili nyingine. Alimjua mtoto wake. Alikuwa mtoto ambaye akivunja kikombe alijificha kwenye migomba hadi giza, na ukimwita kwa hasira alihama mgomba.

"Leo nilikuwa kwa Kihara," alisema. "Nilivaa ile fulana. Wameniambia habari za Atlanta."

Maxwell akashusha sauti.

"Wamekuambia nini?"

"Kwamba hawakushinda."

Alisikia mwanawe akipumua. Alisikia maji yakitiririka kutoka paa fulani hadi kwenye ndoo fulani.

"Ni kweli, baba," Maxwell akasema. "Walikuwa mbele. Mbele sana. Kila mtu alijua imeisha, watu walishaanza kupiga simu nyumbani kwao kusema wameshinda. Halafu sijui. Nafikiri hata wao wenyewe hawajui. Ilianza kuponyoka kidogo kidogo. Unaangalia saa, unaona muda bado upo, unasema nitarekebisha. Unaangalia tena, unasema nitarekebisha. Halafu unaangalia, na hakuna muda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulipiga simu ukiwa umefurahi, baba, sikuwa nimewahi kukusikia hivyo. Nikasema wiki ijayo nitamwambia. Wiki ijayo ukaniambia umewaambia soko zima. Ikawa ngumu."

"Sijakasirika."

"Najua."

"Hujui. Ndiyo nakuambia ujue. Sijakasirika." Wesonga alijipangusa uso, ingawa mvua haikuwa imemfikia pale. "Hebu niambie. Hao vijana walipokwisha kushindwa, walienda wapi?"

"Vijana gani?"

"Wa Atlanta."

"Walirudi. Fainali ilikuwa mji wa mbali. Walipanda ndege wakarudi kwao."

"Kuna mtu alienda kuwapokea?"

"Sijui, baba. Sikuangalia. Nilizima televisheni."

"Mimi ningeenda," Wesonga alisema. "Ningesimama pale wanaposhukia, hata kama ni mvua kama hii. Watu wanajazana kumpokea mshindi, na mshindi hana haja nao, ameshiba. Huyu mwingine ndiye ametoka huko na njaa. Huyu ndiye wa kupokewa."

"Leo nyumbani tunapika kuku," Wesonga akaendelea, polepole, kama anavyobonyeza nyama. "Nyumba ni ile ile ya Kawangware, hatujahama. Mlango ni ule ule. Mama yako anarudi kabla ya giza. Nakuambia tu, habari za huku."

Ndani ya simu kulikuwa na mvua tu. Halafu kitu kama kikohozi, ambacho hakikuwa kikohozi.

"Baba, laini inakatika."

"Haikatiki. Nakusikia vizuri sana, Maxi. Nakusikia kama uko hapa."

Ikakatika.

Alisimama pale hadi mawe yalipokwisha na kuwa mvua ya kawaida, na mvua ikawa manyunyu. Kila kijana aliyepita amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, Wesonga alimtazama miguu kwanza, kwa sababu Maxwell alikuwa akitembea ametupa mguu wa kulia nje kidogo, tangu utotoni. Wengi walipita. Wote walikuwa na haraka na miguu yao ilikuwa ya watoto wa wenyewe.

Jioni hiyo Lornah, mkewe, alirudi kutoka mjini, ambako husafisha ofisi siku za mwisho wa wiki wenye ofisi wakiwa hawapo, akakuta jogoo amekwisha kunyonyolewa karaini.

"Baba Maxi! Jogoo, na mwezi uko katikati? Nani anakuja?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo umeota?"

"Nilimtamani tu."

"Mtu anayeshinda kwa nyama siku nzima, anatamani kuku!" Lakini alikuwa amefurahi, alivua viatu, akafunga leso kiunoni, akaimba wimbo wa kanisani huku akikata vitunguu. Ukutani juu ya kichwa chake ilikuwa picha ya Maxwell amevaa joho na kofia ya pembe nne, aliyoituma miaka ile. Lornah huipangusa kila Jumamosi. Wesonga aliiangalia siku hiyo kwa muda, kisha akageuza kiti kikatazama upande mwingine.

Walipoketi kula, Lornah alimpakulia kama kawaida, na juu ya nyama akaweka firigisi. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto anayeila bila kupewa huchekwa ukoo mzima, na mke asiyemwekea mumewe huitwa na wazee aeleze. Wesonga aliitazama ikiwa pale juu, nyeusi, inang'aa. Akainuka, akatoa sahani nyingine kabatini, akaiweka firigisi humo, akaongeza paja zima na ugali wa mtu mwenye njaa, akaifunika kwa bakuli, akaisogeza karibu na jiko.

Lornah aliacha kutafuna. "Imekuwa chungu?"

"Hapana."

"Basi ni ya nani?"

"Ya mgeni. Kama mtu atapita."

"Mgeni gani wa kumpa firigisi yako? Hata pasta hujawahi kumpa. Pasta Isikoti alikaa hapo hapo akiitazama mpaka ikaisha!"

Wesonga akacheka kidogo, maana ni kweli. Lornah akacheka pia, kisha akaliacha swali lake. Wameoana miaka mingi. Anajua mlango gani wa kusukuma na upi wa kuacha.

"Maxi amepiga leo?"

"Amepiga."

"Anasema aje?"

Wesonga alikuwa na kipande cha ugali mkononi. Alikifinyanga, akakitoboa kwa kidole gumba, akakifinyanga tena.

"Anasema huko ni jua," alisema. "Asubuhi safi. Anga jeupe."

"Mungu ni mwema," Lornah akasema. "Hiyo baridi yao ilikuwa inaniumiza roho. Angalau apate joto kidogo, mtoto wa watu." Akamaliza kula, akaosha vyombo, akaomba sala yake ndefu akitaja kila jina, na jina la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote. Aliomba Mungu amlinde huko aliko. Wesonga alisema amina. Punde alimsikia nyuma ya pazia akipumua pumzi za mtu aliyechoka, asiye na la kumkosesha usingizi.

Yeye alikuwa na safari ya machinjioni Dagoretti alfajiri, na desturi yake ilikuwa kulala mapema. Lakini alivuta kiti akakikabilisha na mlango. Aliondoa komeo. Akaufungua mlango upana wa kidole, ili yeyote atakayesimama nje aone kwamba ndani kuna mwanga.

Manyunyu yalikuwa bado. Mtaani redio ya mtu ilikuwa ikihubiri. Pikipiki ikaja kutoka upande wa lami, ikapunguza mwendo, ikasimama nje ya geti la ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga, injini ikazimwa. Wesonga alishika mikono ya kiti. Hakutoka. Alifikiria migomba. Alichofanya ni kukohoa, kikohozi kile cha baba anayetaka ajulikane yuko macho na hana neno baya, akangoja, akakohoa tena, chini zaidi. Nje hapakuwa na hatua. Mtu alisema kitu kwa sauti ndogo, mwingine akajibu. Kisha injini ikawashwa, na Wesonga akaifuata kwa masikio ilivyoipita shule, ilivyoipita kisima cha maji, hadi ikachanganyika na pikipiki nyingine zote za Kawangware.

Aliangalia jiko, makaa yalikuwa yameanza kuvaa majivu. Akaisogeza sahani karibu zaidi, akafunua bakuli, akabonyeza firigisi kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu. Akaifunika.

Alirudi kitini, kidevu kikaanza kumwangukia kifuani, akakiinua, kikaanguka. Upepo wenye mvua ulikuja ukasukuma mlango, ukafunguka kidogo, ukarudi. Ukafunguka tena, ukarudi, kama unaoshikwa na mkono usiojua kama uingie. Kwa muda Wesonga alikuwa akifumbua macho kila mara uliposogea. Baadaye ukasogea, na hakufumbua.